Cherry Kearton ndani ya ngombe ya uongo

Huku kwetu Buluo kila mtoto anajua: tundege twa majani hatungoje mtu. Ukisogea hatua mbili, tumekwisha kuruka. Sasa tufikiri mtu aliyetaka kutupiga foto zamani zile, na apareyi sawa sanduku, miguu yake mitatu ya mbao, kioo kimoja kwa kila picha.

Njo Cherry Kearton. Alizaliwa mwaka 1871 Thwaite, kaskazini mwa Uingereza, mu bonde la wachimbaji wa madini ya risasi. Mwaka 1892, karibu na London, alipiga foto ya kiota na mayai yake. Kiota hakikimbii. Shida ilikuwa mwenyewe kiota.

Pa kukaribia, yeye na yaya yake Richard walishuka magenge kwa kamba. Sisi watu wa mine tunajua kamba ni nini. Mwaka 1900 walitengeneza ngombe ya uongo: ngozi ya kweli juu ya mbao, mpiga foto anajificha ndani. Ndege wamezoea ngombe, hawaogopi. Lakini mule ndani ni joto, umeinama, apana kutikisika. Siku moja mmoja wao alizimia, ngombe ikaanguka, miguu juu. (Na sisi tungecheka kwanza.)

Mwaka 1913 Cherry alitoka Mombasa na Mmarekani James Barnes, wakapita Kongo mpaka bahari ya ngambo. Alikufa London mwaka 1940, alipomaliza tu kuongea na watoto kwenye redio ya BBC.