Panda Farnana, askari aliyerudi Nzemba



Kwenye mikutano yetu swali moja linarudi kila mara: hii kotizasyo ya kilio na ya ugonjwa, nani aliianzisha? Wengine wanasema ni wazungu wa mashirika ndio walituletea. Hapana. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wakongo waliokuwa mbali na kwao walikwisha kufanya kikundi kama hiki chetu, na aliyewaongoza alikuwa askari, tena mfungwa wa vita. Jina lake Paul Panda Farnana. Wengi wetu tumemaliza masomo bila kusikia habari zake hata siku moja.

Alizaliwa mwaka wa 1888 huko Nzemba, karibu na Moanda na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Sisi wa mashariki tuko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko na kule kwao, lakini nchi ni moja. Mwaka wa 1900, akiwa mtoto wa miaka kama 12 hivi, ofisa mmoja Mbelgiji, Luteni Jules Derscheid, alimupeleka Ubelgiji. Huko akalelewa Bruxelles na Louise, dada ya yule ofisa, aliyekuwa mupiga piano. Alisoma athénée ya Ixelles, kisha akaingia shule ya bustani na kilimo ya Vilvoorde, akamaliza mwaka wa 1907. Akaongeza kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa, na Kiingereza huko Mons.

Mwaka wa 1909 alirudi Kongo mara ya kwanza, akiwa mutumishi wa Leta. Tusipite hapo haraka. Ubelgiji ilikuwa imetoka tu kuchukua nchi mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili, mwaka wa 1908. Watu walikuwa bado na makovu ya mpira. Na hapo anashuka Mkongo mwenye diplome, mwenye cheo, anayeandikiana na wakubwa kwa Kifaransa safi. Hakukuwa na Mkongo mwengine mwenye kazi ya namna ile. Walimuweka kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na Coquilhatville, yaani Mbandaka ya leo, na baadaye Kalamu, huku Bas-Congo. Ni rahisi kufikiri wazungu wa kituoni walimutazama kwa jicho gani.

Vita vya 1914 vilimukuta likizo Ubelgiji. Angeweza kunyamaza na kungoja meli. Lakini aliingia katika kikosi kilichoitwa Corps des Volontaires Congolais, kikosi cha watu waliowahi kufanya kazi Kongo. Wengi walikuwa wazungu; weusi walikuwa wachache sana. Mukubwa wao alikuwa Kolonele Chaltin, yule yule aliyepiga vita Maniema kati ya 1892 na 1894, wakati wa vita na Waarabu na Waswahili. Wazee wa Riba Riba walimujua kwa sababu zao.

Kikosi kilipelekwa kulinda muji wa Namur. Hakikudumu. Mizinga ya Wajerumani ilivunja ngome za pale moja baada ya nyingine, na tarehe 23 mwezi wa nane 1914 Panda akakamatwa. Vita kwake vilikuwa siku chache. Kifungo kilikuwa miaka minne na zaidi. Alihamishwa kambi kwa kambi huko Ujerumani. Sisi tuliokaa makambini tunaelewa ile hali ya kuhesabiwa asubuhi na kungoja posho, bila kujua utaondoka lini. Mwenzake Albert Kudjabo, mutu wa Ituri, aliyekamatwa vile vile Namur, aliitwa na wataalamu wa Ujerumani waliokuwa wakizunguka kambi za wafungwa na mashine ya kunasa sauti. Wakamurekodi anaimba, anapiga ngoma na miluzi. Sauti yake inahifadhiwa Berlin mupaka leo.

Vita viliisha mwezi wa kumi na moja 1918. Panda akarudi Bruxelles, na huko akakuta neno lililomuuma kuliko kambi: katika gazeti la maaskari wa zamani, mutu mmoja aliandika kwamba weusi waliobaki Ubelgiji warudishwe kwao, chini ya migomba yao. Panda alimujibu kwa maandishi, bila matusi. Alimukumbusha kwamba wakati wa hatari hakuna aliyewaambia Wakongo warudi kwao, na kwamba bendera ya Ubelgiji ilipandishwa Tabora mwezi wa tisa 1916 na maaskari weusi. Sisi wa huku tunajua Tabora ilichukuliwa kwa migongo ya nani. Wapagazi waliokamatwa kubebea jeshi walipita 200,000, na wengi hawakurudi ku mboka zao.

Mwezi wa nane 1919, yeye na wenzake wakaanzisha Union Congolaise. Wengi wao walikuwa maaskari wa zamani, mabaharia na wafanyakazi, watu wasio na jamaa karibu. Kazi ya kwanza ya kikundi ilikuwa kusaidiana: mugonjwa atazamwe, asiye na kazi asilale njaa, aliyekufa azikwe kwa heshima. Kazi ya pili ilikuwa masomo, kwa sababu wengi hawakujua kuandika. Mutu anayesoma statuts zetu za leo atakuta mambo yale yale.

Hakusimama hapo. Mwezi wa kumi na mbili 1920, kwenye kongamano la kitaifa la mambo ya koloni huko Bruxelles, alisimama mbele ya wakubwa wa koloni akadai shule kwa Wakongo, mwisho wa kazi za kulazimishwa, na kwamba Wakongo wenyewe wapate sauti katika mambo ya nchi yao. Chuo kikuu cha kwanza Kongo, Lovanium, kilifunguliwa 1954. Hesabuni wenyewe miaka aliyotangulia. Mwaka wa 1921 alikuwa pamoja na Du Bois wa Marekani na Blaise Diagne wa Senegal kwenye kikao cha Bruxelles cha Kongamano la Watu Weusi. Magazeti ya Ubelgiji yalipiga kelele kwamba hao ni Wabolsheviki. Tukisema kweli, hakuwa mutu wa kuvunja. Hakuomba uhuru, aliomba haki ndani ya koloni. Vijana wa leo wanaweza kumuona mupole mno, lakini kwa wakati ule hata hayo yalitosha kumufanya mutu wa kuchungwa.

Neno lingine alilolifuatilia ni kumbukumbu ya maaskari na wapagazi. Mwaka wa 1922 Ubelgiji ilizika askari wake asiyejulikana, kwa heshima kubwa. Panda alidai wafu wa Kongo nao wakumbukwe. Sanamu ya maaskari wa kampeni za Afrika iliwekwa Schaerbeek, Bruxelles, mwaka wa 1970, miaka 40 baada ya yeye kufa.

Mwaka wa 1929 alifunga virago akarudi Nzemba kwa kudumu. Alikuwa mutu wa muji mukubwa, mwenye marafiki, vitabu na jina. Alifika kijijini akaanza na vitu vya mikono: kinu cha mafuta ya mawese, shule ya watoto, na kanisa dogo. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake tunayoipenda zaidi, na ndiyo fupi kuliko zote. Tarehe 12 mwezi wa tano 1930 alifariki Matadi, kama mwaka mmoja tu tangu arudi. Alikuwa hajafika miaka 43.

Kuna filamu juu yake ya mama Françoise Levie, ya mwaka wa 2011, kwa Kifaransa. Kamati inatafuta namna ya kuipata ili ionyeshwe siku ya mukutano mukuu. Mwanachama mwenye projecteur ao jenereta ajulishe sekretari mapema.