Samuel Okwaraji: Wakili Aliyefia Kwenye Jezi ya Nigeria

Kama wewe ni shabiki wa soka wa rika langu, Nigeria kwako ni Victor Osimhen na ile barakoa yake, au Ademola Lookman na mabao yake matatu kwenye fainali moja ya Ulaya. Ukirudi nyuma kidogo unampata Jay-Jay Okocha, yule mzee wako anakuambia hakuna tena kama yeye. Leo nakurudisha nyuma zaidi, kwa jina ambalo huenda hujawahi kulisikia: Samuel Okwaraji.

Huyu jamaa alifariki mwaka wa 1989 akiwa na miaka 25. Alifia uwanjani, akiwa amevaa jezi ya taifa, mechi ikiendelea. Na kama umewahi kujiuliza mbona Nigeria ina vipaji vya kumwaga na bado mambo yake hayaendi, maisha yake yatakueleza mengi kuliko jedwali lolote la ligi.

Mtoto wa vita

Okwaraji alizaliwa Mei 19, 1964. Kwao ni Orlu, katika jimbo ambalo leo linaitwa Imo, kusini mashariki mwa Nigeria, nchi ya Waigbo. Weka hiyo tarehe akilini. Alipokuwa na miaka mitatu tu, eneo lao lilikuwa limejitangazia uhuru kwa jina la Biafra, na vita vikaanza Julai 1967. Vilidumu hadi Januari 1970. Watu wengi sana walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, waliuawa na njaa.

Nakutajia haya kwa sababu moja. Watu wa kwao walipigana ili watoke Nigeria, wakashindwa. Miaka kama ishirini baadaye, mtoto wa kizazi hicho ndiye aliyekuja kuwa mfano wa mapenzi kwa Nigeria, mpaka leo mtu akitaka kuzungumzia uzalendo kwenye soka ya nchi hiyo, anaanza na yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Alichagua.

Vitabu na gozi, vyote viwili

Sasa hapa ndipo stori inakuwa tamu. Sote tumelelewa na ule wimbo wa wazazi kwamba lazima uchague, mpira au vitabu. Okwaraji alikataa kuchagua. Alikwenda Italia kusoma, na huko akapata shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa kutoka Chuo Kikuu cha Roma. Alikuwa wakili. Mimi niliyeacha chuo katikati nikisoma hiyo CV nanyamaza tu.

Na huku akisoma, alikuwa anacheza. Aliingia AS Roma, akaenda Dinamo Zagreb katika nchi iliyokuwa Yugoslavia (leo ni Croatia), akahamia Klagenfurt huko Austria, kisha Ujerumani Magharibi ambako alikuwa na VfB Stuttgart na SSV Ulm 1846. Kumbuka hiyo ni miaka ya themanini. Mwafrika kucheza soka ya kulipwa Ulaya halikuwa jambo la kila wikendi kama sasa. Wachezaji wengi wa timu ya taifa ya Nigeria walikuwa wa klabu za nyumbani, na ligi ya nyumbani ilikuwa na nguvu na ilijaza viwanja.

Alikuwa kiungo, mwenye nywele za rasta, mguu wenye akili na mapafu yasiyoisha. Angeweza kukaa zake Ulaya akacheza, akachukua pesa, na jioni akasoma mafaili ya sheria. Maisha yangekuwa fiti kabisa.

Rabat, 1988

Badala yake, nchi ilipoita, alikuja. Mwanzoni mwa 1988 alianza kuichezea timu ya taifa, na Machi akawa Morocco kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wanigeria hawajasahau vile alivyoshikilia kwamba klabu yake ya Ujerumani haingemzuia kuitumikia nchi yake. Hakuwa anabembelezwa kuja. Yeye ndiye aliyekuwa anapigania ruhusa ya kuja.

Sisi Wakenya tulikuwa pale pale. Nigeria, Cameroon, Misri na Harambee Stars walikuwa kundi moja, mjini Rabat. Nigeria ilitufunga 3-0. Tulitoka bila kufunga bao hata moja, ingawa angalau tuliwabana Cameroon 0-0, na hao Cameroon ndio waliokuja kuwa mabingwa.

Siku tatu baada ya kutuchapa sisi, Nigeria ilikutana na Cameroon. Dakika ya kwanza tu, watu hata hawajakaa vizuri, Okwaraji akafunga. Mpaka leo hilo bao hutajwa miongoni mwa yale ya haraka zaidi katika historia ya mashindano hayo. Roger Milla alisawazisha na mechi ikaisha 1-1.

Nigeria ilifika fainali baada ya kuitoa Algeria kwa penalti 9-8, matuta ambayo ukiyasikia tu moyo unakwenda mbio. Kwenye fainali, Casablanca, wakakutana na Cameroon tena. Bao la Henry Nwosu lilikataliwa, jambo ambalo Wanigeria wa umri fulani bado wanalilalamikia ukiwapa nafasi. Kisha Emmanuel Kundé akafunga penalti na kombe likaenda Cameroon.

Okwaraji alirudi Ulaya bila kombe lakini na jina. Wanigeria walikuwa wamempenda. Alikuwa kijana anayewakilisha kile ambacho kila mtu alitaka nchi yake iwe: msomi, mwenye nidhamu, na asiyeuliza atalipwa ngapi kabla ya kuvaa jezi.

Agosti 12, 1989

Mwaka uliofuata, kazi ilikuwa moja: kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia, nchi aliyosomea. Agosti 12, Nigeria ilikuwa nyumbani dhidi ya Angola, katika Uwanja wa Kitaifa mtaani Surulere, Lagos. Uwanja ulijaa hadi ukapitiliza. Watu walisongamana vibaya, na siku hiyo hiyo kuna mashabiki pia waliopoteza maisha humo.

Dakika ya 77, Okwaraji akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Hakukuwa na rafu, hakukuwa na mpira karibu yake wa kugombania. Alianguka tu, peke yake. Walimbeba wakamtoa, na mechi ikaendelea. Nigeria ilishinda 1-0. Kisha watu wakaambiwa kwamba amekufa.

Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba moyo wake ulikuwa umepanuka na alikuwa na shinikizo la damu. Yaani yule kijana unayemwona anakimbia dakika tisini alikuwa amebeba ugonjwa kifuani. Klabu nne au tano za Ulaya, timu ya taifa, na bado ugonjwa huo ukajulikana wazi akiwa tayari ni maiti.

Wiki mbili baadaye Nigeria ilifungwa 1-0 na Cameroon mjini Yaoundé, na Italia ikawa ndoto. Cameroon ndiyo iliyokwenda, ikafika robo fainali na dunia nzima ikamjua Milla. Okwaraji alizikwa kwao nyumbani.

Baada ya makofi

Nchi ilifanya nini? Ilimjengea sanamu. Iko nje ya uwanja ule ule wa Surulere. Lakini uwanja wenyewe uliachwa ukaoza kwa miaka mingi, majani yakaota ambako zamani watu walipigania nafasi ya kusimama, na sanamu ikabaki pale ikiangalia. Mama yake naye alisikika mara kwa mara kwenye vyombo vya habari akisema kwamba wakubwa wamewasahau. Kila Agosti 12 kuna watu wanaandika ujumbe mzuri kumhusu, na kesho yake ni kimya.

Ungedhani basi angalau somo la moyo lilieleweka. Mwaka wa 1995 Amir Angwe, mshambuliaji wa klabu ya Julius Berger, alianguka na kufa kwenye mechi ya Kombe la Washindi la Afrika, Lagos hiyo hiyo. Machi 2020, Chineme Martins wa Nasarawa United alianguka katika mechi ya ligi kuu mjini Lafia.  Ripoti za wakati huo zilisema ambulensi iliyokuwa uwanjani iligoma kuwaka. Miaka 31 baada ya Okwaraji, ambulensi inasukumwa.

Hapa ndipo unaanza kuona picha yote. Ligi ya Nigeria ina historia: Enyimba ilibeba Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili mfululizo, 2003 na 2004. Tangu hapo hakuna klabu ya Nigeria iliyolibeba tena. Mwaka jana, kwenye CHAN ambayo sisi, Tanzania na Uganda tuliandaa, wachezaji wa ligi ya nyumbani ya Nigeria walifungwa 4-0 na Sudan kule Zanzibar. Sudan, nchi iliyo vitani, ligi imevurugika. Tarehe yenyewe ilikuwa Agosti 12, siku aliyokufa Okwaraji.

Timu kubwa nayo? Novemba 2025 walikuwa Morocco, Rabat ile ile ya 1988, kwa mchujo wa Kombe la Dunia. Wakagoma kufanya mazoezi kwa sababu ya marupurupu ambayo hayakuwa yamelipwa. Waliifunga Gabon 4-1, kisha DR Congo ikawatoa kwa penalti. Ndiyo maana tiketi ya 2026 haikupatikana, kama ile ya 2022. Akina dada wa Super Falcons, ambao wana mataji 10 ya Afrika, nao waliwahi kuandamana Abuja mwaka wa 2016 kudai pesa zao, wakiwa wametoka kushinda kombe.

Sasa kuna watu husikia habari za mgomo na wanakimbilia jina la Okwaraji. Wanasema vijana wa siku hizi wanapenda pesa, wangemwiga yule aliyecheza kwa moyo. Mimi hapo siwafuati. Okwaraji alicheza kwa moyo, ni kweli, na huo moyo ndio hakuna aliyeupima. Anayedai malipo yake na anayedai daktari wa timu wanadai kitu kimoja, kwamba nchi inayopiga makofi ijue kuna mtu ndani ya hiyo jezi.

Kwa hivyo usimkumbuke Okwaraji kama fimbo ya kuwachapia wachezaji wa leo. Mkumbuke kama deni. Na kama wewe unachezea timu ya mtaa, au wewe ndiye kocha, au ni wewe unayechangisha pesa za jezi mpya kabla msimu uanze, nenda kwanza ukaulize bei ya kupimwa presha na moyo kwenye hospitali iliyo karibu. Jifunzeni hata wawili wenu jinsi ya kusukuma kifua cha mtu aliyeanguka. Jezi za mwaka jana bado zinavalika.