Oscar Hammerstein na Neno la Kwanza

Wakusanyaji wa vitabu adimu hawatafuti nakala safi ya mchezo maarufu. Wanatafuta mswada wa mwanzo, uliopigwa kwa mashine kwa ajili ya mazoezi, na wanaupenda zaidi kama mwandishi ametia sahihi na kumtunukia mtu kwa mkono wake. Wakikuta mswada wa Oklahoma! ambao jalada lake linasema Away We Go!, wanajua mara moja kwamba ni wa kabla ya onyesho la New York la tarehe 31 Machi 1943, kwani jina lilibadilishwa katika maonyesho ya majaribio.

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, bei ya karatasi hizo hainihusu. Nilimfuata mwandishi, Oscar Hammerstein wa Pili, kwa sababu ya daftari moja lililo mezani kwangu.

Alizaliwa New York tarehe 12 Julai 1895. Babu yake, ambaye alirithi jina lake, alijenga majumba ya michezo. Baba yake aliongoza jumba mojawapo, lakini hakutaka mwanawe ashike kazi hiyo. Kijana akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, akaanza sheria. Baba alipokwisha kufariki, aliiacha sheria na kumwomba ami yake, Arthur, kazi nyuma ya jukwaa.

Mwaka 1927, pamoja na Jerome Kern aliyetunga muziki, alitoa Show Boat, kutoka riwaya ya Edna Ferber. Mchezo huo uliwaweka Weusi na Wazungu wa mto Mississippi katika hadithi moja, na kusema waziwazi juu ya ndoa iliyokatazwa na sheria ya rangi. Hata hivyo neno la kwanza kabisa lililoimbwa na wapakuzi wa pamba lilikuwa tusi ambalo Wazungu waliwaitia Weusi. Hammerstein, Mzungu wa mjini, aliandika kwa lafudhi isiyokuwa yake, akaweka tusi katika vinywa vya wale wale wanaotukanwa.

Neno hilo halikudumu. Katika filamu ya 1936 liliwekwa jingine, nalo halikuwa la heshima. Mchezo uliporudishwa jukwaani mwaka 1946, Hammerstein akiwa miongoni mwa watayarishaji, likabadilishwa tena. Paul Robeson, mwimbaji Mweusi aliyeimba katika mchezo huo London mwaka 1928, hakungoja ruhusa: katika maonyesho yake mwenyewe aligeuza maneno ya wimbo wake mkuu, manung'uniko yakawa mapambano.

Baada ya Show Boat, Hammerstein alipitia miaka mingi ambayo kazi zake nyingi zilianguka. Alipoungana na Richard Rodgers, Oklahoma! ikachezwa mara 2,212. Katika South Pacific ya 1949 aliweka wimbo unaosema kwamba chuki ya rangi ni jambo ambalo mtoto hufundishwa. Walishauriwa kuuondoa, wakakataa. Alifariki tarehe 23 Agosti 1960.

Sasa daftari langu. Mzee mmoja aliniachia ninakili mchezo mfupi waliouigiza ujanani, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Ndani yake mtumishi mwenye mke na watoto anaitwa boyi kutoka mwanzo hadi mwisho, hata na majirani zake. Mzee aliponisomea, sauti yake ilishuka kila alipofika hapo. Kwa kumwonea huruma, nilifuta boyi nikaandika mfanyakazi mara zote, nikaona nimemheshimu.

Nilikuwa nimekosea. Show Boat ya leo, ikisomwa peke yake, inamwonyesha Hammerstein kana kwamba alianza akiwa safi. Ni mswada wa mwanzo unaotuonyesha urefu wa njia aliyotembea, na kwamba wengine, kama Robeson, walimtangulia. Jukwaani neno libadilishwe, maana wanaosikia ni watu walio hai. Katika nakala ya uchunguzi libaki.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza. Nimerudisha boyi mahali pake pote, na pembeni nimeandika jinsi sauti yake ilivyoshuka. Hilo la mwisho aliniomba yeye mwenyewe nisilisahau.