Peter Forsskål na Waridi la Jangwani

Waridi la jangwani si geni kwetu watu wa mwambao. Tunaliona likichanua mbele ya nyumba, shina limevimba chini na maua mekundu juu. Huku Gatongora, upande wa Ruiru, ambako kazi imenileta, baridi hulilazimisha liishi ndani ya nyumba, katika chungu dirishani. Wengi walipendao hawajui kwamba jina lake la kitaalamu limetokana na maisha ya kijana mmoja aliyefia Yemen.

Peter Forsskål alizaliwa mwaka 1732 mjini Helsinki, Finland, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Uswidi. Alisomea mimea huko Uppsala kwa mwanachuoni mashuhuri Carl Linnaeus, na akajifunza pia Kiarabu. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1759 alichapisha kijitabu cha kutetea uhuru wa raia. Serikali ilikipiga marufuku, na Linnaeus mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa chuo, akaamriwa kuzikusanya nakala zake. Uswidi ilitunga sheria ya uhuru wa kuchapa mwaka 1766, Forsskål akiwa amekwisha kufa. Sisi wa magazeti tuna sababu ya kumkumbuka.

Mwaka 1761 Mfalme Frederick wa Tano wa Denmark aliwatuma wataalamu Arabuni. Forsskål alipewa mimea na wanyama, na Carsten Niebuhr akapewa upimaji wa nchi. Walikaa Misri karibu mwaka mzima, wakapita Suez na Jedda, na mwishoni mwa Desemba 1762 wakashuka Luhayya, pwani ya Yemen. Liwali wa mji huo, Amiri Farhan, aliwapokea kwa ukarimu. Bwana huyo alikuwa mzaliwa wa Afrika, aliyepelekwa Arabuni angali mdogo na kuuzwa utumwani, kisha akapanda cheo.

Forsskål alivaa mavazi ya wenyeji, akazunguka nchi tambarare ya Tihama na kupanda milima ya kahawa. Alipoona mmea, hakuridhika kuuchuma tu. Aliwauliza wenyeji wanauitaje, akaliandika jina hilo la Kiarabu. Ndivyo lilivyoingia vitabuni waridi la jangwani. Yeye aliliita obesum, maana yake nene. Baadaye wataalamu waliupa ukoo wake jina la Adenium, kutokana na jina walilokuwa wakilitumia Waarabu.

Lakini homa, ambayo leo inadhaniwa kuwa malaria, ilimkamata safarini. Alifariki Yarim tarehe 11 Julai 1763, umri wake miaka 31. Katika wenziwe wote, ni Niebuhr peke yake aliyerudi, naye ndiye aliyeichapisha kazi ya marehemu mwaka 1775. Linnaeus akaupa mmea mmoja wa jangwani jina la Forsskaolea. Ni mmea mkakamavu, unaonata nguo za mpita njia.

Mwenye kujua asili ya waridi hili hatashindwa kulitunza. Mti wa nchi kavu hutaka jua jingi, basi uwekwe kwenye dirisha linalopigwa na jua saa nyingi. Udongo uchanganywe na mchanga, na chungu kiwe na matundu chini. Usimwagiliwe mpaka udongo ukauke. Baridi ya Juni hadi Agosti ikishuka huku bara, maji yapunguzwe sana, kwani mizizi huoza upesi kuliko inavyokauka. Utomvu wake ni sumu, hata baadhi ya wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka mishaleni. Watoto na wasiuchezee, na mwenye kuukata anawe mikono.

Forsskål ametajwa vitabuni, na anastahili. Lakini neno Adenium ni la wale wenyeji walioulizwa wakajibu. Bibi zetu wa Lamu, Mombasa na Pemba nao wanayo majina ya miti na dawa ambayo vijana wetu hawayajui. Alitoka mtu Helsinki kuja kuuliza Yemen. Sisi hatuna safari ya kwenda. Tuwaulize wangali hai, na tuyaandike.