Isidore Bakanja: mfanyakazi aliyesamehe na kusema kweli

Wandugu wachimbaji, mama na watoto wa kambi, jina la Isidore Bakanja tunalisikia kanisani. Wengi wetu tunajua tu ya kama ni Mwenye Heri. Tunasahau kwamba alikuwa mfanyakazi sawa na sisi, mwenye bwana mkubwa juu yake.

Alizaliwa karibu na mwaka 1885 upande wa Équateur, katika watu wa Boangi. Alipokuwa kijana alienda kutafuta kazi Coquilhatville, leo Mbandaka, akawa msaidizi wa wajenzi wa nyumba. Ni kule alipata Neno la Mungu kwa mapadri Watrapisti. Alibatizwa tarehe 6 mwezi wa 5, 1906, akapewa rozari na skapulari ya kuvaa shingoni. Hapo hakukuwa kanisa kila fasi, basi ile skapulari ndiyo ilionyesha watu kwamba yeye ni mkristu.

Kisha akaingia kazi kwa muzungu wa kampuni ya Kibelgiji ya mpira na pembe za tembo, akamfuata mpaka Ikili. Mkubwa wa Ikili aliitwa Van Cauter. Huyu alichukia mambo ya mapadri, hakutaka Isidore afundishe wenzake kusali. Isidore aliona hatari, akaomba ruhusa ya kurudi kwao. Wakamkatalia.

Mwanzo wa mwaka 1909 Van Cauter aliona tena ile skapulari, akainyang'anya na kuitupa. Akaamuru Isidore achapwe fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari kwenye ncha. Alichapwa zaidi ya mara mia, mgongo ukabaki kidonda kitupu. Halafu wakamfunga minyororo ndani ya nyumba ya kutengenezea mpira.

Inspekta wa kampuni alipokaribia kufika, Van Cauter alimfukuza Isidore aende kijiji kingine ili asionekane. Lakini alijificha porini, akatokea mbele ya yule inspekta, akajitambulisha na kuonyesha mgongo wake. Inspekta alimchukua mpaka kwake, wakamtunza. Vidonda vilikuwa vimeoza, havikupona tena.

Hapa tusikilize vizuri, wandugu. Isidore aliagiza kwamba mama yake, juji na padri waambiwe ya kama anakufa juu ya ukristu wake. Hakuficha kitu. Na mapadri walipokuja mwezi wa 7 na kumuomba asamehe, walikuta amekwisha kusamehe. Aliwaambia hana hasira na yule muzungu, na akifika mbinguni atamuombea sana. Alikufa mwezi wa 8, 1909, rozari mkononi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 mwezi wa 4, 1994.

Mara nyingi, sisi wa sendika, tunaambiwa kwamba mkristu mwema anafunga kinywa. Wengine kati yetu wanafikiri kinyume, ya kama bila chuki hakuna kupigania haki. Isidore anatuonyesha njia ingine. Alipeleka kweli mbele ya mwenye uwezo wa kuamua, na moyoni hakumtakia adui wake mabaya.

Ni kazi ngumu, sisi wenyewe hatujaiweza. Tunatoka kwenye mkutano na kapita tumejaa matusi, tunafika nyumbani tunayamwaga juu ya bibi na watoto. Mwenzetu aliyeogopa kuweka sinyatire hatumsalimii tena wiki mzima. Upendo tunaouhubiri siku ya Mungu unabaki kwenye mlango wa kanisa.

Basi tuanze na padogo. Kesho kwenye lango la mgodi, tumsalimie yule tuliyemkasirikia, na karatasi ya madai yetu tuipeleke vilevile, bila kuondoa hata mstari mmoja.