Hattie McDaniel: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, mwanamke mweusi aliinuka kwenye meza iliyotengwa kando ya ukumbi, akaenda mbele kupokea tuzo ya Oscar. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea watu weusi. Yeye aliingia kwa ruhusa maalumu, na wazungu alioigiza nao walikaa mbali naye. Huyo alikuwa Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo.

Hattie alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, katika miaka ya 1890, akiwa kitinda mimba wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alikulia Colorado, na huko akaanza kuimba na kuigiza jukwaani pamoja na ndugu zake. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1929 kazi zilikatika, akaajiriwa kuhudumu msalani katika klabu moja ya Milwaukee. Siku moja aliruhusiwa kuimba hapo, wateja wakampenda. Mwaka 1931 akahamia Los Angeles.

Hollywood ilimfungulia mlango, lakini ule wa jikoni. Filamu baada ya filamu alipewa nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Hata Oscar aliipata kwa kuigiza Mammy, mtumwa mlezi katika filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939. Filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta, hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliotawala huko.

Lawama zikatoka kwa watu wake pia. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za weusi cha NAACP, alipinga filamu zinazomchora mweusi kama mtumishi tu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hattie naye alijitetea kwamba kuigiza utumishi kulimlipa vizuri zaidi kuliko kuwa mtumishi kwelikweli.

Wanaomkumbuka kwa aproni peke yake husahau kesi ya nyumba. Alinunua nyumba katika mtaa wa West Adams, Los Angeles, sehemu iliyojulikana kama Sugar Hill. Baadhi ya majirani wazungu wakaenda mahakamani kutaka weusi waondolewe, wakitegemea mikataba ya zamani iliyowazuia kuishi hapo. Hattie na wenzake hawakuhama. Desemba 1945 jaji Thurmond Clarke aliitupilia mbali kesi hiyo. Mwaka 1948, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mikataba ya aina hiyo haiwezi kutekelezwa na mahakama yoyote.

Hattie alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini yalikuwa ya wazungu tu, akazikwa Rosedale. Makaburi yaliyomkataa yalimwekea mnara wa kumbukumbu mwaka 1999. Kibao chake cha Oscar, alichokiachia Chuo Kikuu cha Howard, kilipotea, na chuo kikakabidhiwa kingine mwaka 2023.

Anayetaka kumlaumu kwa kazi alizokubali, na amlaumu. Lakini asisahau kuwa kazi hizo ndizo zilizonunua nyumba ile, na kwamba alipotakiwa kuiacha, alikataa.