FREDDIE MERCURY: MTOTO WA UNGUJA NA KANDA ZA MARAFIKI

Ukitaja jina la Freddie Mercury hapa Waa, wengi watakuambia huyo ni Mzungu wa Uingereza. La hasha! Mwimbaji huyu alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na babake alikuwa mtunza fedha wa mahakama wakati wa ukoloni.

Najua wapo wasiopenda aitwe mwana wa Pwani. Mwaka wa 2006 sherehe ya kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa ilifutwa huko Unguja baada ya kikundi cha kidini kuipinga. Maisha yake yalikuwa na mengi ambayo wazee wetu hawayakubali, nami siandiki ili nimtetee. Nataka tu kueleza jinsi vijana wanne wasio na pesa walivyoweza kuziweka nyimbo zao kwenye kanda, kwa sababu hiyo ndiyo shida ya kila anayetunga wimbo na rafiki zake.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi Farrokh alipelekwa India, shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko alijifunza piano. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake wanne wakaunda bendi, wakaiita The Hectics. Walipiga nyimbo za watu tu. Alirudi Unguja mwaka wa 1963, lakini baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ikahamia Feltham, karibu na London.

Kijana akasomea uchoraji katika chuo cha Ealing. Mwaka wa 1969 akajiunga na bendi moja iliyoitwa Ibex. Mwezi wa Septemba walipiga muziki katika klabu ndogo mjini Liverpool, na rafiki yao mmoja akaja na kinasa sauti cha nyumbani, akakiwasha. Wazazi wetu wanaijua kazi hiyo. Kwenye redio kaseti ulibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kila mtu chumbani akanyamaza, na aliyekohoa basi kikohozi chake kimo ndani ya kanda hadi leo. Husimuliwa kwamba usiku huo Brian May na Roger Taylor walipanda jukwaani kuimba na Freddie, lakini utepe ulikuwa umekwisha! Hivyo mara ya kwanza walipopiga pamoja mbele ya watu haikunaswa.

Mwaka wa 1970 watatu hao wakaunda bendi ya Queen, na Freddie akajipa jina la Mercury. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, akaja mwaka wa 1971. Walikuwa mafukara. Freddie na Roger waliuza nguo sokoni Kensington. Gitaa la Brian lilikuwa la kujitengenezea, yeye na babake waliliunda kwa mbao za meko ya zamani. John naye, aliyesomea mambo ya umeme, aliokota kibao cha nyaya kwenye pipa la taka, akakitia ndani ya kasha la spika, akapata amplifaya. Mlio wake umo katika rekodi zao nyingi.

Sasa studio wangeipata wapi? Bahati ikawaangukia mwaka huo huo wa 1971. Studio mpya ya De Lane Lea huko Wembley ilitaka bendi ya kupiga kelele ili mafundi wapime mitambo na kuta zao. Queen wakakubali kupiga kelele, kwa sharti kwamba nao warekodi nyimbo zao bila malipo. Wakatoka na nyimbo tano, wakazibeba kutoka kampuni hadi kampuni. Baadaye studio ya Trident iliwapa nafasi, lakini zile saa ambazo wenye pesa hawazitaki, yaani usiku wa manane. Albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka wa 1973, na wimbo mmoja uliomo ni ule ule waliorekodi Wembley wakijaribu mitambo.

Mwaka wa 1975 Freddie akatunga Bohemian Rhapsody. Wanaposikika watu wengi kama kwaya ya kanisa kubwa, kumbe ni watatu tu: Freddie, Brian na Roger. Utepe wa studio ulikuwa na njia 24. Waliimba, wakaziunganisha sauti katika njia moja, wakaimba tena juu yake, siku baada ya siku. Kila utepe unapopita kwenye mashine, unga wa sumaku hupukutika kidogo. Inasemekana mwishowe ulichakaa hadi ukiuinua unaona mwanga upande wa pili. Kama ungekatika, kazi yote ingepotea. Wimbo ulichukua karibu dakika 6, wakubwa wakasema redio haitaupiga. Freddie na wenzake wakakataa kuukata. Mtangazaji rafiki yao, Kenny Everett, akapewa nakala, akaupiga mara 14 katika siku mbili. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki 9.

Mengine yanajulikana, kama vile onyesho la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Mimi navutiwa zaidi na mwaka wa 1991. Freddie alikuwa na UKIMWI, hali yake mbaya, hata kusimama ilikuwa taabu. Alijua siku zake zinahesabika. Basi akawataka wenzake wamwandikie maneno yoyote ayaimbe upesi, nao watamalizia muziki akishaondoka. Wakawa wanarekodi Montreux, Uswisi, siku zile alizopata nguvu. Wimbo wa Mother Love waliuandika kipande kwa kipande, yeye na Brian, naye akiimba kila kipande mara kinapokamilika. Ilipobaki beti ya mwisho alisema amechoka, atarudi kuimalizia. Hakurudi.

Aliaga dunia London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Wenzake watatu walizichukua kanda zile, wakazipigia muziki, na albamu ya Made in Heaven ikatoka mwaka wa 1995. Ukiusikiliza Mother Love utasikia sauti inabadilika kwenye beti ya mwisho. Huyo ni Brian.